Mbuzi wa Njuki Walioko Kangeta

Nairobi, 14 Machi 1995

Baba Marete,

Huenda umenisahau. Mimi ni Nelius, kitinda mimba wa rafiki yako Njuki wa Siakago. Mwaka wa njaa, 1984, nilipanda huko kwenu na baba nikiwa darasa la sita, nikala ndizi zako mbivu mpaka nikatapika mlangoni. Sasa nasomea uzamili wa uchumi hapa chuo kikuu, na nahitaji msaada wako.

Ninachoandika kinahusu masoko yasiyokamilika. Kwa lugha ya nyumbani ni hivi: kesho ina sura nyingi. Mvua inaweza kunyesha, inaweza kukosa, inaweza kupita kiasi. Kama kungekuwa na duka ambalo mkulima wa Siakago anaweza kununua leo gunia la mahindi litakalomfikia iwapo tu mvua itakosa, angelala usingizi. Duka hilo halipo. Kwa hiyo kila mtu anauza na kununua kadiri awezavyo, bei zinatulia, soko linasawazika, lakini pale linapotulia kila mtu angeweza kuwa na hali bora kuliko hiyo.

Halafu nikakumbuka mbuzi ambao baba aliweka kwako. Naona ninyi wazee mlijijengea duka lenu bila kujua! Naomba uniambie: walikuwa wangapi, sasa wako wangapi, mnagawana vipi watoto wao, na ni kitu gani kinachokulazimisha kutuma gunia jua likiwaka kwetu? Hakuna hati, hakuna shahidi.

Ni mimi mwanao,
Nelius Njuki


Kangeta, 9 Aprili 1995

Binti ya Njuki,

Ala! Ndio kusoma huko? Barua nzima hukuuliza kama niko mzima. Niko mzima. Meno yamebaki machache lakini yanakutana, kwa hiyo miraa bado naitafuna. Nivumilie Kiswahili changu, nilikiokota Isiolo nikiwapikia wajenzi wa barabara, na kina vumbi.

Hatukujenga duka. Mwaka wa 1965 baba yako alipanda huku na mbuzi watatu na asali, anatafuta chakula. Watu wakaona midomo yake imekauka, wakataka kuwachukua mbuzi kwa bei ya kutupa. Mimi nilikuwa na viazi vikuu, mbuzi sina hata mmoja. Nikamwambia, usiuze, waache hapa, nitakulishia, chukua viazi uende kwa watoto. Mke wangu alinigombeza wiki nzima, eti nimemlisha mtu ambaye hata ukoo wake siujui. Tangu siku hiyo mbuzi wa Njuki wako Kangeta. Maziwa ni yangu, watoto wa mbuzi tunagawana. Jua likiwaka kwenu, gunia linashuka. Bei ya miraa ikianguka kwetu, mtama na kunde vinapanda. Usidhani ni mimi tu ninayetoa. Binti yangu Kawira alikula kunde za Siakago miezi mitano mfululizo, mpaka leo akiziona anatoka jikoni.

Wako wangapi? Wewe ni Mmbeere kama baba yako au ni karani? Mbuzi hawahesabiwi, wakihesabiwa wanapungua. Mwambie baba yako wapo.

Na kuhusu kitu kinachonilazimisha, hilo ni swali la kipumbavu, lakini nitalijibu kwa sababu umelipiwa karo. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Kingine hakuna. Msalimie baba yako, umwambie aache kuzeeka peke yake, anisubiri.

Marete


Nairobi, 20 Julai 1995

Baba Marete,

Nimechekesha darasa zima kwa barua yako. Samahani kwa kutokuuliza hali. Leo nauliza: hujambo, na meno hayajambo?

Nilikuwa nyumbani wiki mbili. Baba ameingiwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, anatambua watu kwa sauti. Ndipo nikapata hofu. Mzee, nisikie vizuri, sisemi kwa ubaya. Duka lenu lina wenye duka wawili tu, na wote ni wazee. Wewe ukitangulia, au yeye, nani atajua mbuzi ni wa nani? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Kule Embu mjini kumefunguliwa chama cha akiba ambacho kinapokea hata pesa za wakulima wadogo. Tukiwauza mbuzi na kuweka pesa humo, baba atakuwa na akiba yenye jina lake, na mwaka wowote wa njaa atanunua mahindi bila kumsumbua mtu. Soko moja lililokuwa limekosekana litakuwa limepatikana. Mwalimu wangu, Daktari Gichovi, ananitania kwamba mahali ambapo masoko mengi yamekosekana, ukifungua moja tu unaweza kuwaumiza wote. Ni kweli kwenye hesabu, hata mimi ninaandika sura nzima juu ya jambo hilo. Lakini hiyo ni mifano ya kubuni.

Nilimweleza baba. Akasema, “Fanya unavyoona. Mwandikie Marete, atakujibu.” Kwa hiyo amekubali. Naomba uniambie ni lini binamu yangu Njeru anaweza kuja na pikapu kuwachukua.

Mwanao,
Nelius


Kangeta, 30 Agosti 1995

Nelius,

Barua yako imenifikia. Nimemwagiza Kawira anisomee mara mbili, nikidhani macho yangu nayo yameingiwa na kitu.

Nikuulize: maneno haya baba yako ameyasema kwa kinywa chake? Kwa maana huku kwetu, na kwenu pia, mtu akiita mbuzi wake wote siku moja, anasema urafiki umekwisha. Hata watu wakikosana huacha jike mmoja, ili njia isiote majani. Wewe ni mtoto, hukufundishwa. Yeye anajua.

Kama ni wote, sema ni wote.

Marete


Nairobi, 18 Septemba 1995

Baba Marete,

Ndiyo, ameyasema mwenyewe, nilikuwa nimeketi karibu naye. Tafadhali usilichukue hivyo! Hakuna urafiki uliokwisha, ni njia ya kisasa tu ya kuweka akiba. Ningemwacha jike mmoja kwa furaha, lakini chama kina kiwango chake cha kufungulia akaunti, na tukipunguza hata mmoja hatutafika. Kwa hiyo ni wote. Baba anakumbuka walikuwa kama kumi na wawili.

Njeru atakuja baada ya Krismasi.

Nelius


Kangeta, 11 Januari 1996

Nelius,

Njeru amewachukua mbuzi kumi na wawili. Kijana ana adabu, alikunywa uji akashukuru. Yule mweusi mwenye doa jeupe usoni ametoka kwenye uzao wa wale watatu wa kwanza. Mwambie baba yako ampapase shingo, atamjua.

Hapa hatujambo. Siku hizi nina nafasi nyingi, nakaa uani nikiangalia kuku. Shamba la juu siendi, miguu imechoka.

Sina lingine.

Marete


Siakago, 16 Februari 1997

Baba Marete,

Ni zaidi ya mwaka sijakuandikia, na sasa naandika nikiwa na haya.

Mvua za Oktoba hazikuja. Sijawahi kuona Siakago namna hii, hata 1984. Nimeacha chuo kwa muda nimuuguze baba. Ile akiba ipo. Kila nikienda Embu naikuta kwenye kitabu, haijapotea. Lakini kila mtu wa nyanda hizi amekwenda kutoa pesa wiki zilezile, na chama kinatoa kidogokidogo. Hicho kidogo nikikipeleka sokoni, mahindi yamepanda tena tangu asubuhi. Pesa ni ileile jua likiwaka au mvua ikinyesha, Mzee, na njaa si ileile. Mwaka jana tuliuza mbuzi kumi na wawili. Leo sokoni watu wanamtoa mbuzi mmoja kwa debe moja la mahindi, kwa sababu wote wanauza na hakuna anayenunua. Haya yote niliyasoma kitabuni, sasa nayaona yana mbavu.

Gunia nililonunua Januari baba aliligawa kwa majirani kwa siku mbili. Nilimgombeza. Akasema hajui kula huku watoto wa watu wanasikia harufu. Amekonda, anakohoa. Kila jioni anauliza kitu kimoja: je, njia ya kwenda Meru, huko kwenu, inapitika? Najua anangoja gunia lako. Hasemi, lakini najua.

Nilikukosea, ingawa sielewi vizuri ni wapi. Kama kuna chochote unachoweza kutuma, tuma kwa ajili yake, si kwa ajili yangu. Namwogopea, Baba Marete. Naogopa hatamaliza mwezi.

Nelius


Kangeta, 5 Machi 1997

Dada Nelius,

Mimi ni Kawira, binti ya Marete. Ni mimi ninayemsomea baba barua zako. Hii ya mwisho nilimsomea, akaingia ndani na hakutoka mpaka kesho yake. Hajui kama nakuandikia, na akijua atanifukuza.

Nakuandikia kwa hasira, utanisamehe au usinisamehe.

Hakukuwa na mbuzi. Unasikia? Mwaka wa 1988 homa ya mapafu iliingia Kangeta ikafagia mazizi. Mbuzi wote wa baba yako walikufa kwa siku tisa. Desturi unaijua, au huijui: mbuzi wa mwenzio akifa unampelekea ngozi aone kwa macho yake, ndipo unakuwa huna deni. Baba alizichuna zote, akazikausha, akafunga mzigo. Siku aliyotaka kushuka, habari ikafika kwamba mama yako amefariki. Akasema, “Siwezi kuingia kwenye nyumba yenye msiba nikiwa nimebeba ngozi.” Akangoja matanga yaishe. Kisha akaona aibu kwa kuwa amechelewa. Mwaka ukapita, ikawa haisemeki tena. Ngozi zilioza juu ya ghala.

Yale magunia mliyokula 1992 na 1994, mlidhani ni faida ya mbuzi? Yalitoka mgongoni mwa baba yangu. Hakulalamika hata siku moja. Alisema Njuki ni Njuki, awe na mbuzi au asiwe nao.

Kisha ukaja wewe na daftari lako. Ni wote, ukasema. Baba alikodisha miti yote ya miraa ya shamba la juu kwa mchuuzi, kwa miaka kumi, akalipwa mara moja. Akazunguka sokoni Kangeta wiki tatu akinunua mbuzi kwa rangi alizokuwa anazikumbuka. Hakukosa hata rangi moja. Leo mchuuzi anachuma miti iliyopandwa na babu yangu, na baba anaangalia kuku.

Sasa unaomba gunia, na gunia hatuna, dada. Natuma maharagwe nusu debe kutoka kwa mshahara wangu wa shule ya chekechea. Mpe baba yako, na usimwambie neno kuhusu mbuzi, kwa maana hilo ndilo lililobaki la baba yangu.

Kawira Marete


Siakago, 4 Mei 1997

Baba Marete,

Barua hii nakuandikia wewe mwenyewe, na namwomba Kawira akusomee yote, hata pale atakapotaka kuruka. Baba yangu alifariki tarehe ishirini na saba Machi. Kichomi kilimshika, na mwili haukuwa na kitu cha kupigana nacho. Tulimzika kando ya mama. Sikutuma mtu kwenu kwa sababu sikuwa na uso wa kumtuma.

Maharagwe yalifika akiwa bado anaongea. Nilimpikia. Akauliza ni ya wapi, nikasema ni ya Marete. Aliweka kijiko chini, akalia. Nilidhani ni furaha, nikaanza kumwambia unamsalimu, na kwamba umetuma kama zamani. Akanishika mkono akaniambia nikome kudanganya, ndipo akaniambia haya ninayokuambia.

Alikuwa anajua. Mchuuzi wa asali kutoka huko kwenu Igembe alimweleza mwaka uleule wa 1988 kwamba mazizi yenu yamefagiwa. Alikungoja uje na ngozi. Ulipokosa kuja, alielewa ni kwa sababu ya mama, akaamua kutouliza kamwe, ili usione haya. Kila gunia lililofika alijua limetoka jasho lako. Alisema, “Nilikuwa nikila chakula cha mtu ambaye hana deni langu, na sikujua nitamfunguaje.”

Kwa hiyo nilipomjia na habari za chama cha akiba, aliona mlango. Alifikiri nikikuandikia kudai mbuzi, itakubidi useme wamekufa. Utasema, mtacheka, na mzigo utaanguka. Ndiyo sababu alisema nikuandikie, utanijibu. Hakusema niwachukue. Mimi nilisikia ndiyo kwa sababu nilikuwa nimekuja kutafuta ndiyo.

Siku Njeru alipofika na pikapu, nilimwongoza baba zizini akapapase. Alimpapasa yule mwenye doa, kisha akashika masikio yao, mmoja baada ya mwingine. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na alama ya ukoo wetu. Akajua umenunua. Akaniambia, “Warudishe.” Nami nikamjibu kwamba mnunuzi kutoka Embu anakuja Jumanne, na kwamba wazee hamwezi kuwa mnabadilisha mawazo kila siku. Akatoka zizini. Maziwa yao hakuyaonja.

Na ile njia ya Meru aliyokuwa akiuliza kila jioni, hakuwa anangoja gunia. Alitaka kupelekwa kwako aombe msamaha. Mimi nilimwambia ni dhaifu mno kusafiri, angoje mvua.

Tasnifu niliyowasilisha kabla ya kuacha chuo imekubaliwa, Daktari Gichovi ameisifu. Ina sura moja inayothibitisha kwamba soko moja jipya, likifunguliwa penye pengo la mengine mengi, linaweza kumwacha kila mtu katika hali mbaya kuliko ya kwanza. Nilithibitisha kwa kurasa mbili. Nilitumia watu wawili wa mfano, nikawaita A na B. Nimekaa na karatasi hizo hapa mezani na siwezi kuzifungua.

Pesa iliyobaki kwenye kitabu cha baba ni ya miti yako. Niambie niipeleke wapi na jina la huyo mchuuzi, nimwombe auvunje mkataba. Siombi unisamehe. Naomba tu unijibu.

Nelius


Kangeta, 23 Novemba 1997

Nelius,

Nimekaa na barua yako miezi sita. Kawira amekataa kunisomea tena, anasema nimeishika mpaka maandishi yamefutika. Si kweli, yapo.

Mchuuzi amekataa kuvunja mkataba. Amecheka, hata chai hakuninunulia. Pesa ya baba yako usinitumie, nunua jiwe umwekee kaburini, liandikwe jina vizuri. Wewe na kosa lako mtaishi nyumba moja, na mimi na langu vilevile. Sikukasirikii sana sasa. Nilikukasirikia mwezi wa tano na wa sita, nikachoka.

Kinachoniua ni kwamba alijua. Miaka tisa, binti! Miaka tisa namficha mtu anayejua! Nilikuwa nikifika kwenu na gunia nakaa upande wa mlango, asije akaniuliza habari za mbuzi, na yeye anazungumza habari za mvua, za serikali, za maumivu ya goti, asije akaniuliza. Tungekuwa na akili, mmoja wetu angesema tu, na tungecheka mpaka wake zetu wafufuke. Lo, Njuki! Mjinga wewe, na mimi mjinga wako.

Huku sasa kuna mvua hii wanaita El Nino. Hainyeshi, inamwaga. Juzi kilima kilikatika kikashuka na shamba la chini lote, ndizi, viazi vikuu, na ghala. Kawira yuko salama, nyumba iko salama. Chakula ndicho kimekwenda na udongo. Majirani wote ni hivyohivyo, hakuna wa kumwomba mwenzake.

Asubuhi ile niliangalia pale shamba lilipokuwa, nikaingia ndani nikavaa viatu. Nilimwambia Kawira anifungie kamba kwa sababu mgongo haupindi. Akauliza naenda wapi kwenye mvua hii. Nikamwambia naenda Siakago kwa Njuki. Alikuwa ameshafunga kiatu kimoja. Akaendelea kupiga magoti pale, ameshika cha pili, mpaka nami nikakumbuka.

Marete